Hukuwa Mgonjwa

Mumbua,

Umefunga mlango wa chumba chako na sijabisha. Sitabisha. Nikibisha nitaanza kwa kusema pole, kwa sababu mama akisimama nje ya mlango wa mtoto anayesafiri kesho hana neno lingine mdomoni, na mimi pole sina. Nimeitafuta, sina. Kwa hiyo naandika. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako uisome ukiwa mahali ambapo huwezi kunifungia mlango.

Mambo ya koti, ya dawa ya tumbo, ya kupiga simu ukifika, shangazi zako wameyamaliza tangu asubuhi. Mimi nataka ujue kwa nini leo nilimfukuza Baba Mkubwa Muia katika sherehe yako ya kuagwa, mbele ya mchungaji na nusu ya soko la Mitaboni, nikiwa na mwiko mkononi.

Ulisema, "Mama, umeniaibisha." Ukasema pia, "Huyo mzee amenipenda maisha yangu yote." Yote mawili ni kweli. Lipo na la tatu ambalo hulijui.

Unakumbuka alivyosimama, kofia kifuani, akaanza hotuba yake ileile ambayo kila harusi na kila mahafali ya Kathiani yameisikia. "Almasi ni nini? Almasi ni makaa! Makaa kama haya ya jikoni, lakini yalibanwa! Mungu akitaka kukufanya almasi, anakubana!" Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa napakua muthokoi wa mahindi na maharagwe, nikaendelea kupakua, ingawa mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Yabane makaa yako unavyotaka, Muia. Bila moto mkali kupita wowote uliowahi kuuona utapata vumbi la makaa. Lakini hilo ningelimeza. Nimemeza mengi kuliko hilo.

Kisha akanigeukia. "Hata mama yake huyu mnayemwona hapa, huyu alikuwa amepotelea kwa wazungu! Alikuwa harudi! Ni mimi nilimrudisha. Nilipiga simu nikasema, mtoto anakufa!" Akacheka mpaka akashika kiti. "Na mtoto alikuwa anakimbiza kuku! Mwanamke akaja mbio na ndege, hata nguo hakukunja!"

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, Mumbua. Ulidhani ameongeza chumvi, kama kawaida yake. Nilikuona ukicheka, na hapo ndipo nilipoweka sahani chini.

"Muia, toka kwangu."

"Ai, Mama Mumbua! Ni utani. Ni mambo ya kitambo."

"Chakula changu hutakula. Toka."

Sikumwita shemeji, wala mzee. Nilimwita jina lake, mimi mke wa ndugu yake mdogo, na ninajua hilo lina uzito gani katika ukoo huu. Baba yako akasema, "Yaishe." Nikamwambia, hayajaanza. Ndiyo maana wageni waliondoka kabla ya chai, na ndiyo maana mlango wako umefungwa.

Sasa sikiliza.

Umekua ukiambiwa kwamba niliacha masomo ng'ambo kwa sababu uliugua. Kila mtu amekuambia. Shangazi zako wamekuambia kwa huruma, Muia amekuambia kama mafunzo, na mimi sijakuambia lolote, ambayo ni njia nyingine ya kukuambia. Nilikuona ukiubeba mzigo huo. Ulipoanguka hesabu darasa la sita ulilia ukasema, "Na vile uliacha kusoma juu yangu." Nilikuwa nakusuka nywele. Nilikuambia, "Tulia, usitingishe kichwa." Hilo ndilo jibu nililokupa.

Hukuwa mgonjwa. Hukuwa hata na mafua.

Nilikwenda ng'ambo ukiwa unaanza kusema maneno mawili mawili. Nilikuacha kwa Susu, mama yangu, kule juu Kathiani, kwa sababu baba yako alikuwa akifundisha mbali na kurudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Tulikubaliana naye mezani, bila kugombana. Aliniambia, "Nenda, usome umalize, urudi." Watu wa sokoni walisema mengi. Walisema mwanamke anayevuka bahari akiacha mtoto aliyekuwa akinyonya juzi hana moyo. Walimwambia baba yako kwamba anajipikia kama kapera. Mimi sikuwa hapo kuyasikia, yeye ndiye aliyesikia, na Muia ndiye aliyekuwa akimletea kila neno jipya.

Nilipofika kule nilipewa kazi ambayo sasa wewe unakwenda kuifanya kwa mitambo mizuri zaidi. Hilo hujalijua. Unajua nilisoma "mambo ya vitu yabisi", kama unavyoandika kwenye fomu. Ngoja nikuambie ilikuwa nini.

Tulikuwa na fuwele ya nikeli na iodini. Unakumbuka mawe ya ulanga mliyokuwa mkiyaokota mchangani mtoni, mkiyabandua ngozi baada ya ngozi mpaka inabaki karatasi inayong'aa? Ndivyo ilivyokuwa. Matabaka juu ya matabaka. Ndani ya kila tabaka atomu zimeshikana sana, lakini tabaka na tabaka yameshikana kidogo tu, unayatenganisha kwa kibanio. Ukiipoza vya kutosha ni sumaku ya aina yake: kila atomu ya nikeli ina usumaku wake mdogo, na zote zimejipanga kwa utaratibu hata kama nje huoni kitu kikivutwa. Na umeme haipitishi. Elektroni zake kila moja imekaa kwa atomu yake kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chake, na haimkaribishi mwingine, kwa sababu kuwaweka wawili pamoja kunagharimu nguvu nyingi mno.

Swali la maabara yetu lilikuwa moja. Ukiibana fuwele hiyo, ukiibana kweli, matabaka yakasogeleana na atomu zikakosa nafasi, elektroni zitafanya nini?

Almasi mbili ndogo, ncha kwa ncha. Katikati bamba la chuma lenye tundu ambalo hulioni vizuri bila hadubini. Ndani ya tundu, kipande cha fuwele chepesi kuliko majivu, na chembe ya yakuti ya kupimia, kwa sababu yakuti ikimulikwa rangi ya mwanga wake mwekundu husogea kadiri shinikizo linavyopanda. Kisha nyaya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele wako, zipite ukingoni mwa bamba bila kuligusa, zifike kwenye fuwele. Fuwele ile inanyonya unyevu wa hewa. Ukichelewa kidogo inaharibika, inakuwa tope mbele ya macho yako. Nilizipoteza nyingi. Nililia kwenye choo cha maabara ile mara nyingi kuliko nilivyolia kwa kukukumbuka, na sioni haya kukuambia, kwa sababu usiku nilikulilia wewe na mchana nilililia nyaya.

Halafu mikono yangu ikajifunza. Hakuna aliyekuwa akiweka nyaya kama mimi. Mwenzangu wa benchi, kijana mwenye miwani aliyeitwa Stefan, alikuwa akiniletea kazi yake nimwekee.

Siku hiyo nilikuwa nakaza skrubu kidogo kidogo, nasoma ukinzani, nakaza tena. Ukinzani ulikuwa ukishuka polepole kama ilivyotarajiwa. Kupitia almasi niliiona fuwele, ilikuwa ikipitisha mwanga wa rangi ya chai ya rangi, na chai ikazidi kukolea. Kisha ikawa nyeusi. Nikasoma ukinzani na nikadhani mita imeharibika. Ulikuwa umeporomoka. Nikapoza. Kitu kisichopitisha umeme ukikipoza kinazidi kukataa. Hiki kilizidi kukubali. Mumbua, kilikuwa kimegeuka metali. Vigoda vilikuwa vimepinduliwa, elektroni zilikuwa zikitembea, na dalili za usumaku, ambazo Stefan alikuwa akizipima kwa mtambo wa chumba cha pili, zilikuwa zimezimika kwenye shinikizo hilohilo.

Nilimwita Profesa. Alikuja na kikombe chake, akainama, akasoma. "Waya umegusa bamba," akasema. Yaani umeme ulikuwa ukipita kwenye chuma, na mimi sikuona chochote ila uzembe wangu mwenyewe.

Nikafungua, nikaanza upya. Kipande kipya, nyaya mpya, na safari hii nikapaka unga wa kuhami juu ya bamba lote ili hata waya ukigusa usipitishe. Ukinzani ukaporomoka palepale. Nikafanya mara ya tatu. Kwenye hiyo ya tatu skrubu moja ilikwama nikiwa katikati ya kupanda, nikailazimisha, na shinikizo likaruka ghafla, kwa hiyo mchoro wangu una kigongo kidogo pale, kama goti. Baada ya goti, ni uleule.

Profesa aliutazama mchoro. "Inavutia," alisema. "Lakini usiandike chochote bado. Wewe bado unajifunza."

Nami nikasema, "Sawa, Profesa."

Nimekuwa nikijisikia nikisema "Sawa, Profesa" miaka yote hii, nikikama ng'ombe, nikisahihisha mitihani, nikiwa kanisani. Hakunipigia kelele, angenipigia ningemjibu. Alisema kwa upole, na mimi nililelewa kwamba mtu mkubwa akisema kwa upole, amekuheshimu. Hilo ni kosa langu la kwanza na sitaki uniombee radhi kwa Mungu juu yake, nataka tu ulijue sura. Linafika likiwa na adabu.

Haukupita muda simu ikaja. Katibu wa idara alinifuata mpaka kwenye benchi. Nilikuwa nimeweka fuwele ya nne chini ya shinikizo, iko tayari kupimwa.

"Mama Mumbua? Unanisikia?"

"Nakusikia, shemeji. Kuna nini?"

"Mtoto ni mgonjwa. Ni mgonjwa mbaya. Hatujui kama ataona Jumapili."

"Ana nini? Yuko hospitali gani? Susu yuko wapi?"

"Wewe kuja tu. Maswali utauliza ukifika."

Simu ikakatika. Muia alikuwa akifanya kazi ofisini mjini Machakos, na simu ya ofisi haikai hewani kwa habari za familia, kwa hiyo sikushangaa ilivyokatika. Kulikuwa na duka Mitaboni lenye simu, na mwenye duka alimjua Susu. Ningeweza kupiga. Angetuma mtu mlimani, na baada ya saa chache ningejua. Sikupiga. Mikono iliyokuwa ikiweka nyaya za dhahabu haikuweza kuzungusha namba. Nilikopa nauli kwa Stefan na kwa mama mwenye nyumba, nikaondoka. Mtambo wangu niliuacha juu ya benchi, ukiwa umekazwa, na michoro yangu yote kwenye droo ya Profesa. Sikuandika jina langu kwenye hata mmoja. Nani alikuwa aandike jina lake kwenye kitu kilicho ndani ya maabara yake mwenyewe? Hilo ni kosa la pili.

Njia nzima nilikuzika. Sitakueleza zaidi. Mama akikaa ndani ya ndege akiwa amekwisha kuchagua nguo za kumzikia mtoto, huyo mtu harudi mzima, hata akute nini.

Nilikuta ukiwa umesimama juu ya ngazi ya ghala la Susu, tumbo nje, ukimrushia jogoo mapera mabichi. Uliniangalia. Hukunijua. Ukanirushia na mimi moja.

Nilicheka. Nilikaa chini pale uani nikacheka na kulia, na Susu akatoka jikoni akipangusa mikono akasema, "Kwani umefukuzwa?" Hakujua lolote. Nilimuuliza uliugua lini. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Huyu? Huyu hajaumwa hata mafua."

Muia alikuja kesho yake amebeba nyanya na sukari. "Mungu ni mwema," alisema. "Amepona." Alinitazama usoni aliposema hivyo, na alijua kwamba ninajua. Ilikuwa nisimame nimwambie hapo hapo yale niliyomwambia leo. Susu alinishika mkono chini ya meza. Baadaye aliniambia, "Mwana wakwa, huyo ni mkubwa wa mume wako. Ukimwita mwongo, unaivunja nyumba. Wewe kaa kidogo, halafu urudi kwa masomo yako kimya kimya." Nikamsikia mama yangu. Nikakaa kidogo.

Kidogo hicho ndicho kilichonimaliza. Wiki ya kwanza ulikuwa bado unanikimbia. Nilisema, siwezi kuondoka kabla hajaniita mama. Ukaniita. Nikasema, siwezi kuondoka sasa ameniita. Barua ya idara ikauliza niko wapi, nikachelewa kujibu, na jibu lao likaja likiwa fupi. Nafasi yangu ilikuwa imepewa mtu. Baba yako akasema, "Labda ni mpango wa Mungu." Nikaanza kufundisha wasichana wa kidato cha kwanza kwamba shinikizo ni nguvu kugawanywa kwa eneo, kwenye maabara iliyokuwa na mizani moja iliyopinda.

Sikujuta kukulea. Usichanganye mambo hayo mawili, ukinichanganyia nitakasirika na wewe pia. Kukulea ningekulea. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na kidogo, ningerudi ukiwa bado huna meno ya mbele ya kudumu. Walichoniibia si chaguo kati yako na kazi. Waliniibia ukweli kwamba sikuwa nimetakiwa kuchagua.

Na wewe wakakufanya sababu. Hilo ndilo linalonichoma. Walichukua mtoto anayerusha mapera, wakamlaza kitandani kwa maneno, wakamweka hapo asiamke. Umeamka leo, katikati ya kicheko.

Sasa nikuambie la mwaka jana. Ulikuja kutoka Nairobi siku ya Ijumaa, hata kiatu hujavua, ukiwa na karatasi ulizopiga kopi maktaba. "Mama, kaa chini nikuonyeshe kitu. Hii ndiyo nataka kusomea." Ukanieleza. Ulinieleza vizuri, afadhali kuliko mimi ninavyoeleza. Ulinionyesha kwa mikono yako jinsi matabaka yanavyosogeleana. Ulitumia mikeka, mmoja juu ya mwingine, ukaikandamiza. "Halafu hapa, Mama, ona, ukinzani unaanguka! Na sumaku inakufa! Hiki kitu kilikuwa hakipitishi umeme kabisa!" Macho yako yalikuwa yakiwaka. Uliweka kidole kwenye mchoro.

Kulikuwa na goti.

Lilikuwa palepale, Mumbua, pale skrubu iliponikwamia. Chini yake jina la Profesa, na la Stefan. Walikuwa wameandika kwamba kuruka huko kwa shinikizo "hakuathiri hitimisho". Kweli hakuathiri. Niliangalia mwisho kabisa, pale watu wanapowashukuru fundi na mfagiaji. Hata hapo sikuwepo.

Ukaniuliza, "Mama, umeelewa?"

Nikasema, "Nzuri sana." Nikaenda kuwasha jiko.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuogopa. Niliogopa kwamba nikikuambia, furaha ile itakufa, uchukie kazi yenyewe. Au ufike kule ukiwa umekunja ngumi, umtazame kila mtu kama mwizi. Sasa naona nilikuwa nakufanyia kile walichonifanyia: nilikuamulia ujue nini ili ufanye ninachotaka mimi. Muia alikuwa na simu, mimi nilikuwa na jiko.

Jioni hii, baada ya wageni, nilimfuata baba yako zizini. Nilimuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza. "Ulijua?"

Aliendelea kutia majani horini.

"Si wakati alipiga," akasema. "Aliniambia baadaye. Kama wiki hivi ushakuja."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimefurahi umerudi. Sikutaka kuuliza umerudi aje."

Hebu lisome tena neno hilo. Nimeishi na mtu huyu, tumemzika pamoja mama yangu, tumekusomesha, na chini ya yote kulikuwa na neno hilo, limekaa. Sijui nitamfanya nini. Leo nimempa chakula chake mezani na nikala changu jikoni. Kesho tutakupeleka uwanja wa ndege sote wawili, na utatuona tumekaa kiti kimoja, usidhani tumepatana. Na usimchukie. Alikuwa kijana aliyeachwa peke yake akichekwa sokoni. Namjua vizuri kuliko ninavyotaka.

Muia naye, najua. Ni yeye aliyekubeba mgongoni mto ulipofurika, ni yeye aliyekaa nje ya hospitali ulipovunjika mkono, ugonjwa wa kweli huo. Sikuombi uache kumpenda. Anakupenda kweli, na alidanganya kwamba unakufa, ni mtu mmoja huyohuyo. Hata leo anaamini aliokoa boma la ndugu yake. Ukimwendea asubuhi kumuaga, na nadhani utakwenda, mwende. Lakini akikuambia tena habari za makaa, umwambie kutoka kwangu kwamba mimi sikubanwa na Mungu. Nilipigiwa simu na yeye.

Watu watakuja kukuambia, hata huko, kwamba yaliyonipata yalinijenga. Hakuna kilichojengwa. Mimi ni mwalimu mzuri, ningekuwa mwalimu mzuri pia nikiwa nimemaliza. Hasira yangu haijanifundisha hekima yoyote, imenifundisha kukaa kimya kwa uso mtulivu, na hiyo si tabia ya kurithi. Leo nilipopiga kelele mbele ya mchungaji mikono yangu iliacha kutetemeka. Nilishangaa. Nilikuwa nimezoea kwamba inatetemeka.

Ukiona kitu mtamboni, kiseme siku hiyo, mbele ya watu wawili au watatu, kwa sauti ambayo hawawezi kusema hawakuisikia. Wakikuambia waya umegusa bamba, angalia kwanza. Huenda umegusa kweli, na kazi hii haina heshima kwa mtu asiyeangalia. Lakini ukiwa umeangalia na haujagusa, usiseme "sawa". Watakuita mwenye kiburi. Niliitwa mnyenyekevu, na sasa unajua kilichonipata.

Jambo la mwisho, na hili si ushauri, ni amri.

Wakikupigia simu wakuambie mama yako ni mgonjwa, usipande ndege. Nipigie mimi. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, hata mimi. Nikijibu, utanisikia, na nitakuuliza umepima nini wiki hiyo, unijibu kwa ukamilifu. Nisipojibu, mpigie baba yako, umwambie aseme ukweli, na umwambie kwamba mimi ndiye niliyesema uanze na neno hilo, ukweli. Akisema ni kweli, na ni mbaya, na hakuna dawa, basi utakuwa unajua. Watakuambia uje unizike. Shangazi zako watasema mtoto gani huyu. Mwache asemaye aseme.

Nimeandika hivyo kwa mkono usiotetemeka, kisha nimekaa nimeangalia ukuta, kwa sababu nilikuahidi ukweli na hapo nimeuacha nusu. Nusu nyingine ni hii. Nikilala hapo kitandani nikikata roho, nitakutaka. Nitauliza uko wapi. Nitamuuliza kila anayeingia. Pengine nitakuita kwa sauti, na watakushikia simu usikie, wakisema, ona, anakuita.

Itakuwa kweli nakuita, Mumbua. Maliza kupima kwanza.

Ni mimi mama yako, niliye na hasira bado, na sijutii mwiko,

Mwalimu Nduku